Fundi Anyesi na Tabla ya Mringaringa

Anyesi Mallya alifika barazani kwa Kantilal, muuza vitambaa wa Moshi, mwezi wa Februari mwaka 1986, akiwa na cherehani ya kukanyaga aliyopewa na masista waliomfundisha ushonaji Kibosho, pamoja na binti wa miaka minne aitwaye Doris. Mumewe, Herbert, alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji, na alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma kwa ugonjwa wa ini. Matanga yalipokwisha Anyesi alijipima. Kwa wakwe angebaki mtu wa kutumwa. Kwao Kibosho kihamba, shamba la ukoo, kilikuwa mikononi mwa kaka yake Ambrosi, na binti wa Kichagga hupokelewa vizuri akija kusalimia, lakini hakai. Basi akapanga chumba Majengo, kisha akazunguka mjini akitafuta baraza la kushonea.

Wakati huo vitambaa ndiyo vilikuwa vinarudi madukani. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga, na sasa majora yalisimama tena ukutani kwa Kantilal, ya kaki, ya buluu ya shule, ya teteroni. Mafundi wawili walikuwa tayari pale barazani. Kantilal alimtazama Anyesi, akatazama kola ya gauni alilovaa, ambayo alikuwa ameishona mwenyewe, akamwambia aweke mashine yake mwisho, karibu na mlango wa chumba cha nyuma.

Mzee Kanti, kama wateja walivyomwita, alikuwa Baniani mwembamba wa miaka sitini na mbili. Alizaliwa Moshi, na India hakuwahi kuiona. Kila Alhamisi alifunga duka saa tisa, akaingia chumba cha nyuma na rafiki yake, karani mstaafu wa reli. Karani alipiga kinanda kile cha sandukuni, cha kuvutwa hewa kwa mkono mmoja na kubonyezwa kwa mwingine. Mzee Kanti alipiga tabla, yaani ngoma mbili ndogo, ya kulia ya mti na ya kushoto ya shaba, kila moja na duara jeusi juu ya ngozi kama mboni ya jicho. Waliimba nyimbo za dini yao mpaka jua lilipopungua. Wale mafundi wengine waliondoka duka lilipofungwa. Anyesi alibaki kumalizia sare za shule.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano pazia la chumba cha nyuma likafunguliwa. Mzee Kanti alisimama pale, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Fundi, kwa nini unasimama pale?"

"Pale wapi, Mzee?"

"Mimi nikifika mwanzo wa duara la mapigo, wewe unasimamisha mashine. Mara nne sasa."

Anyesi alidhani anakemewa kwa kelele. Akaomba radhi, akasema atashona taratibu.

"Sijasema ushone taratibu. Nimeuliza umejuaje."

Anyesi aliondoa mguu kwenye kanyagio. Alisema tu kwamba kile kitu kinafika mwisho pale, kila mtu anasikia. Mzee Kanti akamgeukia yule karani, wakasemezana Kigujarati kidogo, kisha akasema kwamba wanawe wawili walifundishwa miaka minane na mpaka leo hawajasikia.

Ndivyo ilivyoanza. Wengi waliosimulia habari hii baadaye walisema Mzee Kanti alimfundisha kwa huruma kwa kuwa alikuwa mjane. Si kweli. Alimfundisha kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, wanawe walikuwa wamehamia Uingereza, na hakuna mwingine mjini aliyetaka.

Miezi minane ya kwanza hakumruhusu kuigusa ngoma. Kwanza ilitakiwa mdomo. *Dha dhin dhin dha*, mara nne, mapigo kumi na sita, na katikati sauti nzito inatoka, inabaki nyepesi, kisha inarudi. Asiyeweza kuitamka, alisema Mzee, hawezi kuipiga. Anyesi aliitamka akishona kola, akichemsha ndizi, akiteremka kutoka sokoni. Wateja walifikiri anasali rozari. Jirani yake mmoja pale Majengo alimwuliza kwa upole kama tangu msiba analala vizuri. Baadaye ilikuja zamu ya vidole, kwanza juu ya meza ya kukatia nguo. Kidole cha shahada kilichokomaa kwa sindano kiligonga ubao mpaka wale mafundi wengine wakalalamika.

Siku alipowekewa ngoma zenyewe mbele yake, Mzee Kanti alizigusa kwa vidole kisha akagusa paji lake la uso, akamwambia naye afanye hivyo. Anyesi akazuia mikono yake mapajani. Alikuwa Mkatoliki, mtoto wa nyumba ambayo baba yake alikuwa katekista. Akauliza moja kwa moja kama hiyo ni sala.

Mzee alifikiri. "Ninyi mkikutana na mkubwa mnasemaje?"

"Shikamoo."

"Basi hiyo ndiyo shikamoo ya ngoma. Unamwamkia aliyenifundisha mimi, na aliyemfundisha yeye. Ukitaka kusali, utasali kwenu."

Akakubali. Akazigusa, akagusa paji la uso, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kwenye tabla bila kufanya hivyo.

Mke wa Mzee, Savitaben, hakupendezwa mwanzoni. Alikuwa akileta chai na kuondoka mara moja. Aliyembadilisha ni harusi. Mwaka 1990 binti wa ndugu yao alikuwa anaolewa, na kabla ya harusi wanawake hukaa peke yao mchana kutwa wakimwimbia bibi arusi. Ngoma ilihitaji mtu, na wanaume hawakai pale. Savitaben alifika barazani mwenyewe, akasimama mbele ya cherehani, akasema, "Mama Doris, Jumamosi una kazi?" Anyesi alikwenda, akakaa kwenye zulia katikati ya sari za rangi zote, akapiga kwa saa tano. Nyimbo hakuzielewa, lakini duara lake alilijua. Kuanzia hapo akawa anaitwa kwenye harusi za Wahindi wa Moshi, na za Arusha pia.

Huyo ndiye Anyesi aliyekutwa na Yoramu mwaka 1992.

Yoramu Swai alikuwa mpiga gitaa kutoka Kwa Sadala, mtu mrefu, mcheshi, aliyeongoza bendi iitwayo Karanga Sound. Walipiga dansi Jumamosi na bugi, yaani dansi la mchana, Jumapili katika ukumbi mmoja wa baa karibu na stendi. Alikuja kushonesha suruali sita za bendi. Akiwa anapimwa kiuno alisikia fundi akigonga meza kwa vidole vya mkono wa kushoto, bila kujua, huku akiandika vipimo kwa mkono wa kulia. Yoramu akasahau suruali. Mpiga tumba wao alikuwa amekwenda Nairobi miezi mitatu nyuma, akatuma salamu badala ya kurudi. Alipoambiwa habari ya tabla, Yoramu akamwomba Anyesi aje nazo ajaribu.

Anyesi alimwomba ruhusa Mzee Kanti kwanza, maana ngoma zilikuwa zake. Mzee alitaka kujua mambo mawili tu, kama watu watakunywa bia karibu nazo, na kama huyo kijana wa gitaa anajua kuhesabu. La kwanza Anyesi alisema ndiyo. La pili alisema bado hajui. Mzee akacheka, akampa na kitambaa cha kuzifunika.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu. Magitaa mawili, besi, dramu na tarumbeta viliizamisha tabla kama punje ya mtama ndani ya uji. Wakaweka kipaza sauti karibu, kikapiga ukelele uliowafanya wachezaji wazibe masikio. Wakakiondoa. Anyesi alimaliza saa tatu nzima akipiga kitu ambacho hakuna aliyekisikia, hata yeye mwenyewe. Alirudi Majengo akiwa na hakika kwamba yameishia hapo.

Lakini alikuwa fundi, na nguo isipokaa mwilini fundi huifumua kutafuta palipokosewa. Jumatatu akamweleza Yoramu alichokiona. Ile ngoma ya kulia ina sauti yake moja, inafungwa kwa kugongwa kinyundo mpaka ilingane na wimbo. Bendi ilikuwa ikihama sauti kila wimbo, na tabla ikibaki peke yake kama mgeni asiyejua lugha. Akataka kujua wanatumia sauti ngapi hasa. Yoramu alihesabu nyimbo zao zote, akakuta ni tatu. Savitaben akawaulizia watu wake, na kutoka kwa familia iliyokuwa inahamia Kanada zikapatikana tabla mbili zaidi za mti, kila moja na ukubwa wake. Anyesi akazipanga tatu mbele yake kama vyungu jikoni. Magitaa yakapunguzwa wakati zamu yake ikifika, na vipaza sauti vikawekwa chini ya ngoma, si juu.

Kisha likaja jambo ambalo watu wa Moshi wanalikumbuka mpaka leo. Katika muziki wa Mzee Kanti, mpigaji akitaka kufunga hurudia mapigo yaleyale mara tatu, na pigo la mwisho la mara ya tatu linaangukia palepale duara linapoanza. Anyesi akaliingiza hilo mwisho wa chemko, pale magitaa yanapokimbia na watu wanatokwa jasho. Mara ya kwanza wachezaji walishtuka. Wiki ya tatu walikuwa wameshalijua. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na ukumbi mzima unasimama kwa pamoja, mguu juu, kimya, halafu wanaangua kicheko. Watu walikuja kutoka Himo na Boma Ng'ombe kwa ajili ya kusimama tu. Wakaanza kumwita Mama Tabla.

Mzee Kanti alikuja mara moja, Jumapili saa nane mchana, akakaa kiti cha nyuma na soda yake. Maoni yake aliyatoa Alhamisi iliyofuata. Akasema mkono wa kushoto ulikuwa mzembe kwenye wimbo wa nne. Kwa mtu aliyemjua, hiyo ilikuwa sifa.

Habari zilipanda mlimani mapema kuliko Anyesi. Ambrosi alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yao, mtu wa suti moja safi na saa ya mkononi, na kwake heshima ya baba yao katekista ilikuwa kama mfuniko wa chungu, haufunuliwi hovyo. Kila Krismasi ukoo ulipokutana alimwambia Anyesi kwamba watu wanasema. Hakusema wanasema nini. Mama yao, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alimwambia Anyesi ampigie kidogo mezani, na Ambrosi akatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Mwaka 1996 parokia ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na kwaya iliamua kurekodi kanda. Anyesi aliandika barua kwa kamati, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, akaomba kupiga katika nyimbo mbili tu za kutoa sadaka. Alikuwa ameshazipanga kichwani. Jibu alipewa na Ambrosi, Jumapili baada ya misa, kando ya ukuta wa kanisa, watu wengine wakiwa wanasalimiana pembeni.

"Kamati imeona si vyema," alisema. Akaeleza kwamba ile ngoma inapigwa baa, na kwamba ni ya miungu ya Wabaniani.

"Na wewe umeonaje, kaka?"

Ambrosi alitazama saa yake. "Mimi ni mwalimu wa kwaya. Naona kama kamati."

Anyesi alimwamkia mama yake, akakataa mtori aliowekewa, akateremka kwa miguu mpaka barabara kubwa. Kwa karibu miaka miwili yeye na Ambrosi walisalimiana kwenye misiba tu. Kanda ilitoka na ngoma za kinanda cha umeme.

Mvua za mwisho wa mwaka 1997 zilikuwa zile zilizokata madaraja na kushusha udongo mabondeni. Katikati yake, Novemba, Mzee Kanti alifariki usingizini. Anyesi alikaa na wanawake nyumbani kwa Savitaben siku zote za msiba, akawapikia watu chai. Wanawe walifika kutoka Uingereza, watu wazima wenye adabu, waliomshukuru kwa kumtunza baba yao. Walikuwa wamekubaliana kumchukua mama yao, kupangisha duka, na kwenda na tabla za baba kama ukumbusho. Mkubwa wao alisema hilo taratibu, kama mtu anayejua anachogusa. Zile mbili nyingine pia zilikuwa zimeandikwa kwa jina la Mzee, na ndugu zao kule walizitaka kwa watoto wao.

Anyesi angeweza kusema. Savitaben alimtazama kana kwamba anangoja aseme. Lakini alifikiri kwamba ngoma hizo ziliamkiwa na watu watatu kabla yake, Mzee na walimu waliomtangulia, na wa damu walikuwa hao waliosimama mbele yake. Akazipangusa, akazifunga kila moja kwa kitambaa chake, akawaonyesha jinsi ya kuzilegeza kabla ya kuzipakia kwenye ndege. Yule mkubwa akauliza zinalegezwa kwa sababu gani. Akamweleza.

Baraza likafungwa kwa vioo, duka likawa la vipodozi. Anyesi alihamishia cherehani mbele ya chumba chake Majengo, na kwa kuwa mitumba ilikuwa imejaa kila kona, kazi ilikuwa zaidi ya kupunguza suruali za watu kuliko kushona mpya. Yoramu hakumfukuza kwenye bendi. Alimwambia aje aimbe viitikio, aje akae tu. Alikwenda mara mbili, akaona mikono yake haina pa kukaa, akaacha.

Januari 1998 Doris, aliyekuwa na miaka kumi na sita na akisoma sekondari huko juu akiishi na bibi yake, aliteremka na habari kwamba upepo na maji vimeangusha mringaringa mkubwa wa kihambani. Ulipandwa na babu yake Anyesi, uliipa kahawa kivuli tangu kabla ya Uhuru, na sasa ulikuwa umelala juu ya banda la mbuzi. Mjomba anataka kupasua mbao za milango. Doris alisimulia hayo akila, kama habari ya banda tu. Mama yake aliacha kula.

Kila mtoto wa mlimani anajua mringaringa ni mti wa mizinga na ngoma. Asubuhi iliyofuata Anyesi alipanda. Alimkuta Ambrosi amesimama juu ya shina na msumeno, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Alionekana mzee kuliko miaka yake. Bei ya kahawa ilikuwa inaanguka, na majirani wawili walikuwa wameanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Anyesi alimwamkia, akaulizia mbuzi, kisha akasema alichokuja kutafuta, kipande cha urefu wa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole.

"Cha nini?"

"Cha tabla. Zile za Mzee zimeondoka."

Ambrosi aliweka msumeno chini. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji chini yao. Mwishowe akasema kitu ambacho Anyesi hakukitegemea.

"Kanda ya jubilei mama aliisikiliza mara moja. Akasema inafanana na saa ya ukutani."

Hakuomba msamaha, na Anyesi hakumdai. Ambrosi alishuka, akapima kwa mkono wake mwenyewe, akakata kipande, halafu akakata cha pili, kwa kuwa, alisema, mti huu huwa unapasuka. Akavibeba mpaka barabarani, kimoja kila bega.

Kweli kilipasuka. Anyesi alikuwa amevipeleka kwa Fundi Mbwana Shekue, Msambaa mnene wa Majengo aliyechonga vinu na ngoma za harusi, na kwa haraka yao walichonga kile cha kwanza kibichi. Baada ya wiki tatu kilifunguka ufa wa kuingiza kidole. Kile cha pili wakakipaka nta ya mshumaa kwenye ncha, kikakaa miezi saba chini ya kitanda cha Anyesi. Wakati kinakauka walihangaika na ngozi. Za mbuzi za mnada wa Kwa Sadala zilikuwa nene mno, ikabidi zitafutwe za watoto wa mbuzi. Ngoma ya kushoto haikuwa tabu. Mhunzi wa sufuria alimtengenezea tumbo la aluminiamu kwa siku mbili.

Kazi ngumu ilikuwa lile duara jeusi. Bila hilo tabla ni ngoma tu, haiimbi. Anyesi alimkumbuka Mzee Kanti akizikarabati zake kwa unga wa mchele, masizi na vumbi la chuma, lakini hakuwahi kupima kiasi. Akaenda kwa mchomelea vyuma akaomba vumbi la mashine. Akasonga ujiuji wa mchele. Mara ya kwanza duara lilikauka na kumeguka kama matope ya kiangazi. Mara ya pili likabanduka lote. Mara ya tatu likakaa, lakini sauti ikawa ya kugonga mlango. Fundi Mbwana akasema waweke ngozi tupu waishi kwa amani. Mara ya tano Anyesi aligundua kosa lao. Walikuwa wanapaka nene mara moja. Akaanza kupaka kama anayepaka mafuta usoni, tabaka jembamba, analisugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka likauke na kupata nyufa ndogo zisizoonekana, ndipo linafuata jingine. Alipaka matabaka ishirini na tisa. Ilimchukua siku nne.

Alipoigonga ukingoni, iliimba. Lakini iliimba chini. Ilikuwa sauti mbili nzima chini ya zile za India, na haikubaki hewani kwa muda mrefu, ilitamka na kunyamaza. Anyesi aliweka kinyundo chini, akainamia magoti mpaka Fundi Mbwana akadhani anaumwa. Alikuwa ametengeneza mwaka mzima, na haikuwa ile.

Yoramu ndiye aliyesikia alichokuwa nacho. Alimfanya aipige ukumbini na bendi nzima, bila kupunguza magitaa. Tabla za Mzee Kanti zilikuwa zikigombania nafasi na magitaa huko juu. Hii ilikaa chini yao, kati ya gitaa na besi, mahali ambapo hakukuwa na mtu. Ilisikika wazi hata mlangoni. Mpiga besi aligeuka kutazama. Walirudia wimbo uleule mara tatu, na mwisho wa mara ya tatu Anyesi akafunga kwa yale mapigo yake ya mara tatu, nao wote wakasimama.

Mwaka 1999 walialikwa kupiga harusi Taveta, ng'ambo ya mpaka. Pale Holili, mpakani, ofisa wa forodha alifungua mizigo, akatulia kwenye tabla. Akagusa lile duara jeusi, akanusa kidole. Akauliza hiki ni kitu gani na ndani kuna nini. Yoramu akaanza maelezo marefu ya utamaduni. Anyesi akamwambia ofisa, "Mwanangu, nipe kiti." Akaketi palepale kando ya meza, akaamkia ngoma zake, akapiga dakika mbili. Madereva wa malori walikusanyika. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye fomu "ngoma moja, sufuria moja," akagonga muhuri. Wakavuka.

Wimbo walioutoa kwenye kanda mwaka uliofuata ulipigwa redioni msimu mzima. Ambrosi aliusikia akiwa dukani ananunua chumvi, na inasemekana alisubiri mpaka uishe ndipo akalipa. Juma lile alifika Majengo, mara yake ya kwanza kuingia chumbani kwa dada yake. Akaomba awafundishe wasichana wawili wa kwaya kushika mapigo. Anyesi mwenyewe asingepiga kanisani, alieleza, maana kamati ni ileile. Anyesi alimmiminia chai. Akamwambia mapigo atawafundisha, wasichana hawana kosa. Ila siku ngoma hiyo itakapoingia kanisani, itaingia imebebwa na Anyesi mwenyewe, kwa mlango mkubwa.

Ilichukua miaka miwili mingine na kamati nyingine. Pasaka ya mwaka 2002 Anyesi aliingia, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya kwaya, nyuma ya mwongozaji, ngoma ya kulia ikiwa ya mti wa babu yake, akapiga wakati wa kutoa sadaka. Mama mmoja mzee alisimama na kutoka nje, akakaa kwenye mawe mpaka ilipoisha. Wengine walitazama vidole mpaka mzee wa kanisa akawakumbusha kupanda na vikapu vya ndizi. Ambrosi aliongoza kwaya akiwa amempa kisogo dada yake, kama ilivyo desturi ya waongozaji, lakini mkono wake ulikuwa ukifuata tabla, si tabla ikifuata mkono. Mama yao alikuwa hai bado. Aliuliza ni nani anayepiga, akaambiwa, akasema anajua, alikuwa anauliza tu ili wengine wasikie.

Karanga Sound ilivunjika mwaka uliofuata. Vijana walitaka muziki wa kompyuta, na mwenye ukumbi alitaka mtu mmoja na kinanda badala ya watu tisa wenye njaa. Yoramu alirudi Kwa Sadala, akafungua duka la pembejeo, gitaa limetundikwa nyuma ya mizani. Doris alikwenda kusomea uuguzi Tanga. Tabla hajawahi kuigusa wala hana mpango huo, na mama yake alishaacha kumwuliza. Anyesi aliendelea kushona, kupiga harusi za Wahindi waliobaki, na kupiga kanisani sikukuu nne kwa mwaka. Wale wasichana wawili wa kwaya mmoja aliolewa akaacha. Mwingine, Dominika, bado huja kila Alhamisi.

Mwaka 2004 kwaya ya Kilutheri ya upande wa Machame iliagiza seti mbili za tabla kwa Fundi Mbwana, naye akamtumia Anyesi ujumbe aje kuzijaribu kabla hazijachukuliwa. Alikwenda Jumanne asubuhi, akaketi juu ya gunia la maranda, akazigonga ukingoni moja baada ya nyingine, sikio limeinamia ngozi. Akasema ya kwanza inafaa kama ilivyo. Ya pili mti wake bado mbichi, ing'olewe duara, urudi kukauka miezi mingine mitatu.